Rangi Mbili na Jeraha Moja

Nyinyi mnaoingia gereji siku hizi mna haraka ya kushangaza. Kabla mtu hajajua kufunga nati bila kula meno yake, amekwisha kujipatia cheo: huyu Docteur, yule Ingénieur, mwingine Professeur. Kuanzia Butembo mpaka Beni hatuna tena mafundi. Tuna kitivo kizima. Mimi nilikwenda chuo kikuu kwa miguu yangu, nikasoma falsafa mpaka wakachoka wakanipa shahada, na siku nilipoingia gereji kutafuta ugali waliniita tu "weye pale". Sikulalamika. Falsafa inamfundisha mtu kukaa kimya mbele ya jambo asilolielewa, na injini ilinipa nafasi nyingi za kulitumia somo hilo.

Nimeacha spana kabla ya uzee. Mgongo ulikataa, na daktari akanitaka nichague kati ya kujikunja chini ya magari ya watu na kutembea wima. Nilichagua kutembea. Ndiyo maana leo nina wasaa wa kuwasema, na sitauacha upotee.

Nataka kuzungumza juu ya mkanda wa distribisyo, kwa kuwa hakuna kazi inayofichua tabia ya fundi upesi kuliko hiyo. Ndani ya injini mna vitu viwili ambavyo havipaswi kukutana: pistoni inayopanda kutoka chini, na supapu inayoshuka kutoka juu. Vinatumia chumba kimoja kwa zamu, kama wake wenza wanaogawana jiko. Mkanda ule wa mpira wenye meno ndio unaotunza zamu. Unaunganisha puli ya vilebreka, mhimili unaozungushwa na pistoni, huku chini na puli ya mti wa supapu kule juu, na katika injini nyingi za mazuti, yaani dizeli, unapita pia kwenye pampu, ili mafuta yafike wakati yanapohitajika. Ukikosea meno mengi, pistoni itaikuta supapu mlangoni, na supapu ndiyo itakayopinda. Ukikosea jino moja, mara nyingi injini itawaka, na hapo ndipo penye hatari. Kosa kubwa linakuumbua papo hapo, mbele ya mteja. Kosa la jino moja linakuacha upokee shukrani, upungiane naye mkono, kisha linamuumbua yeye mlimani, peke yake.

Kiwanda kilichotengeneza injini kiliacha alama za kuongoza kazi hiyo: kinukta kilichogongwa kwenye puli, kidogo kama punje ya mtama, na mkwaruzo mdogo kwenye chuma cha jirani. Pistoni ya kwanza ikiwa kileleni, kila kinukta kinatazamana na mkwaruzo wake. Lakini kinukta hakina mdomo. Kinakaa chini ya oili na vumbi la miaka, na kukitafuta kunadai petroli, kitambaa na unyenyekevu. Vitu viwili vya kwanza hupatikana sokoni.

Badala yake, kwetu kuna desturi nyingine. Fundi anachukua vernis, rangi ya kucha za mkewe, anatia mstari juu ya puli, juu ya mkanda wa zamani na juu ya chuma cha jirani, pale pale injini iliposimama. Anautoa mkanda, anahamisha mistari kwenye ule mpya, anaurudisha ulivyokuwa. Njia hiyo si ya kipumbavu. Kwa siku hiyo moja, kwa mikono ile ile, inafanya kazi. Upumbavu unaanza pale mstari unapobaki kwenye puli baada ya kazi kwisha, na fundi wa pili anapokuja, anauona, anausujudia. Mstari ule ni unyayo tu: unasema kwamba siku fulani injini ilisimama hivi. Yeye anausoma kama amri.

Nasi tuliupamba upumbavu huo. Kila gereji ilikuwa na rangi yake, kama vile kila kwaya ina sare yake. Mtu akifungua injini alijua mara moja ilikopitia: nyekundu ni ya fulani, njano ni ya fulani, bluu ni ya yule wa karibu na soko. Wake zetu waliuliza kwa nini chupa zinakwisha na kucha zao ni zile zile.

Na sitawasahau wale wa kuwasha kwanza na kufikiri baadaye. Palikuwa na fundi mmoja Butembo, Mkatoliki wa kujipiga kifua, aliyefunga mkanda wa gari la Mprotestanti mmoja mwenye duka. Mteja alileta mchungaji aiombee injini kabla ya kuwashwa. Fundi naye, asije akazidiwa, alifanya ishara ya msalaba juu ya kifuniko. Kisha, badala ya kuizungusha injini kwa mkono hata mara moja, akageuza ufunguo. Supapu zilipinda zote, bila kubagua dhehebu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Patron Mbusa. Alitoka Luofu akiwa kijana, akafungua gereji yake Beni, na mikono yake, niseme ukweli, ilikuwa mikono ya kuogopwa. Aliweza kuweka kijiti cha mti kati ya sikio lake na injini akakuambia ni beringi ipi inalia. Miaka yangu ya mwanzo aliniambia kila siku: "Hapana uliza rangi. Uliza piston." Alikuwa na fimbo nyembamba ya shaba kwa ajili ya swali hilo, akaitunza ndani ya kitambaa kama padri anavyotunza kikombe. Lakini jina lake lilivyokua, fimbo ilizidi kulala, na chupa ya vernis nyekundu ikazidi kutembea. Umaarufu ulimfanyia fundi yule kile ambacho oili inakifanyia kinukta cha kiwanda.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Mama Masika alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mwanamke wa maneno machache yaliyonolewa, mwenye basi dogo la mazuti alilolitumia kupeleka viazi na kurudi na mafuta ya mawese. Siku hizo hakubeba viazi. Binti yake Kavira alikuwa ameolewa karibu na Mangina, kwenye kakao, na kijiji chao kilikuwa kimekimbia mashambulizi. Kavira alitembea na watoto wake mpaka mjini Mangina, mtoto mdogo mgongoni, na mama yake akateremka kutoka Butembo kuwachukua. Safari ya kwenda ilikuwa njema. Waliporudi hadi Beni, basi lilikuwa linakohoa moshi mweupe na kuvuta kama mtu aliyetoka homa. Asubuhi iliyofuata palikuwa na msafara wa magari kwenda Butembo, ukisindikizwa na askari, na mkuu wao alikuwa amekwisha kutangaza: mwenye kubaki nyuma, atabaki na Mungu wake.

Mnaijua njia ile. Kati ya Beni na Butembo kuna mlima wa Kabasha. Gari lisilo na nguvu pale halihitaji kuharibika. Linahitaji tu kuchelewa.

Waliingia gereji kwetu baada ya chakula cha mchana. Dereva alikuwa Muhindo, mume wa Kavira, aliyekuwa Butembo kazini kwa mkwewe kijiji kilipokimbia, kijana mpole aliyekuwa na maelezo ya kila kitu.

"Patron, hii gari inapanda kama mugonjwa," Mama Masika alisema kabla hata ya kuketi.

"Si bugonjwa, Mama," Muhindo akadakia, akiyasingizia maji ndani ya mafuta. "Ni mazout. Mazout ya Beni iko na mayi."

"Weye kwako kila kintu iko na sababu. Hata mbuzi zako za mahari zilichelewa ju ya mvua."

Kavira, aliyekuwa amekaa juu ya furushi la nguo akimnyonyesha mtoto, alicheka kwa mara ya kwanza tangu walipofika. Muhindo naye akacheka, maana mkwe hana namna nyingine.

Tulitoa kifuniko cha mkanda. Mkanda wenyewe ulikuwa mpya, ulifungwa Butembo siku chache kabla ya safari. Lakini puli! Puli ya juu ilikuwa na mstari mwekundu. Puli ya pampu ilikuwa na mstari wa njano. Na puli ya chini, ile ya vilebreka, fundi asiyejulikana aliyekosa hata mke wa kumwibia vernis alikuwa ameikata kwa msumeno. Rangi mbili na jeraha moja, na baina yao tope la oili ambalo hakuna mkono uliowahi kulisumbua.

Patron Mbusa aliinama, akauona ule mwekundu, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na mwanawe sokoni.

"Aah! Hii njo kazi yangu! Muliona? Hii gari ilipitaka hapa zamani, kwa mwenyewe wa kwanza."

Kwa kuwa mkanda ulifungwa Butembo, alimpigia simu fundi aliyeufunga, ambaye kila mtu alimwita Docteur ingawa hakuwahi kumponya yeyote. Akaweka sauti kubwa, sote tusikie.

"Allô, Docteur? Njo miye, Mbusa wa Beni."

"Oh, Patron! Mukubwa wetu! Habari ya kule?"

"Courroie, ule mukanda wa Mama Masika, uliifunga na alama gani?"

"Na yako, Patron! Ile nyekundu. Weye njo mwalimu, mi napita wapi?"

"Na kule chini?"

"Chini kulikuwa ile ya musumeno. Sikujua ni ya nani, mais ilionekana ya mutu mwenye nguvu."

"Na hii ya jaune?"

"Ile njo yangu. Nilitia nikisha kufunga, ju batu ba kesho bajue kama Docteur alipita."

"Docteur, gari haina nguvu."

"Namna gani? Si ilishuka bien mpaka Beni?"

Mama Masika alinyosha mkono akaichukua simu. "Docteur, hata chou, ile kabichi ya shamba, ukiiachilia pale Kabasha, itashuka bien." Akaikata.

Nadhani mmekwisha kuona jambo lenyewe. Mwekundu ulikuwa unyayo wa Patron wa zamani. Jeraha la msumeno lilikuwa unyayo wa mtu mwingine, siku nyingine, pengine hata kabla injini ile haijafika nchini kwetu. Docteur alizikutanisha alama mbili ambazo hazikuwahi kujuana, akazifungisha ndoa, kisha akaweka njano kama shahidi.

Kufikia hapo kamati ilikuwa imekusanyika. Mnaijua kamati: kwetu huwezi kufungua kifuniko cha gari bila wanaume kutokea ardhini, mikono nyuma, kila mmoja na maoni. Hawa walikuwa abiria waliokuwa wakisubiri msafara. Mmoja alisema ni turbo, na gari halikuwa na turbo. Mwingine alisema ni roho ya gari kukataa kuondoka Beni.

"Ni rahisi," Patron akatangaza. "Docteur aliharibu ju ya kufuata musumeno. Shiye tutafuata nyekundu peke yake. Tutarudisha yote kwa rangi yangu."

Kamati ikaitikia. Mimi nikauliza, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza: "Patron, siku ulitiaka hii nyekundu, piston ilikuwa juu? Ao ulitia pale pale fasi injini ilisimama?"

Alinitazama. "Philosophe anaanza."

"Ni kuuliza tu, Patron."

"Rangi yangu haiyawahi kuletea mutu haya. Uliza Beni yote. Uliza Mutwanga. Uliza!"

Hakuna aliyekwenda kuuliza Mutwanga. Lakini Mama Masika alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza alisema bila mzaha.

"Patron, mi naheshimu kazi yako. Sasa unijibu kama mutu mukubwa. Hii rangi, unajua ni sawa? Ao unaipenda tu?"

Patron aliinua kidole kuelekea ule mstari, lakini mama hakumngoja.

"Ju kesho mi napanda Kabasha na huyu," akamwonyesha Kavira, "mwenye alitembea na miguu, batoto nyuma, anasikia masasi ya bunduki. Tukibaki kule, convoi ikienda, utakuya na rangi yako kutukamata mukono?"

Kamati ilitazama viatu vyake. Mama Masika akanigeukia. "Na weye, mutu wa masomo. Unajua alama ya kweli ni wapi?"

"Sijui, Mama. Mais kuna namna ya kujua."

Niliona taya la Patron likikaza. Hakukasirika kwa sababu nilisema uongo. Alikasirika kwa sababu namna hiyo ilikuwa yake.

Basi yule mama akafanya jambo ambalo katika miaka yangu yote ya gereji sikuliona kabla wala baadaye. Alichukua kitambaa pale mezani, akakichovya kwenye kopo la petroli tulilooshea vyuma, akainamia injini yake, akaufuta mstari wa njano. Ulitoka mara moja, kama cheo cha Docteur mwenyewe. Kisha akaupeleka mkono juu, kwenye ule mwekundu.

"Mama, hapana!" Patron akapiga kelele. "Ile ni..."

"Ni vernis, Patron. Hata Kavira anafutaka ya kwake kila jumamosi."

Akafuta. Lile jeraha la msumeno halikufutika, kwa hiyo alilijaza sabuni ya kuoshea mikono na kulisawazisha kwa kidole gumba, kama anayeziba tundu la panya.

Chini ya rangi nyekundu hapakuwa na kitu. Chuma kitupu, kinang'aa. Patron alikipapasa kwa ncha ya kidole, na mimi, niliyekuwa na neno tayari mdomoni, nililimeza. Kuna wakati mtu anafikiria sawasawa bila msaada wako. Kisha akageuka, akaenda ghalani, na mmoja wa kamati akanong'ona kwamba mzee amekasirika, amekwenda zake nyumbani. Akarudi na kitambaa chake mkononi. Ndani yake mlikuwa na fimbo ya shaba.

"Philosophe," akasema, "toa injecteur ya kwanza. Na hapana gusa courroie bado. Ingali inakamata bintu. Tukizungusha bila yeye, supapu itakutana na piston."

Sasa wekeni simu zenu chini, maana hapa ndipo penye kazi. Tulipitisha fimbo ndani ya tundu la injekta mpaka ikagusa kichwa cha pistoni. Mimi nikaizungusha injini polepole kwa spana ndefu, daima kuelekea upande inaozungukia ikiwaka. Fimbo ikapanda. Karibu na kilele, pistoni inachelewa: unaweza kuzungusha kidogo na fimbo isisogee, na hapo ndipo macho yanapodanganyika na fundi mvivu anaposema "ni hapa". Patron hakusema. Aliweka kucha yake kwenye fimbo kabla ya kilele, akachora mstari wa chaki kwenye puli. Akaniambia niendelee. Pistoni ikapita juu, ikaanza kushuka, na fimbo ilipofika tena kwenye kucha ile ile, akachora mstari wa pili. Kilele cha kweli kiko katikati ya mistari hiyo miwili. Hakuna rangi ya mtu yeyote ndani ya hesabu hiyo. Nayo chaki, ukimaliza, unaipuliza.

Tuliirudisha pistoni mpaka katikati, kwa kuzungusha karibu mzunguko mzima mbele, si kwa kurudi nyuma, kwa maana kurudi nyuma kunalegeza mkanda na kukupa jibu la uongo. Tukafungua kifuniko cha juu kuhakikisha kwamba supapu za silinda ya kwanza zimefungwa zote mbili. Pistoni hufika kileleni mara mbili katika kila duru ya kazi, yaani mizunguko miwili ya vilebreka, na mara moja tu ndiyo tunayoitaka. Ndipo Patron alipoosha tope. Kwenye puli ya chini kikatokea kinukta, kikitazamana na mkwaruzo wake kama watu wawili waliosubiriana miaka. Kwenye puli ya juu na kwenye pampu vikatokea vinukta vingine, na kila kimoja kilikuwa hakijaufikia mkwaruzo wake.

Kwa jino moja.

"Jino moja," Patron akasema. Hakumsema Docteur. Hakumsema mtu.

Yaliyobaki mnayajua, au mnadhani mnayajua. Tulilegeza kikazio, kile kinachoubana mkanda, tukatoa mkanda, tukaweka puli mahali pake, tukaurudisha kwa kuanzia upande unaovutwa, usibakize ulegevu hata kidogo, tukaachia kikazio kifanye kazi yake. Kamati ikapiga kelele: "Washa! Washa!" Patron akaitikia kwa kuuchomoa ufunguo na kuutia mfukoni.

Akaichukua spana yeye mwenyewe na kuanza kuzungusha kwa mkono. Katikati ya mzunguko wa kwanza, spana ikakaza. Mtu mmoja akavuta pumzi kwa sauti. Kavira alisimama, mtoto kifuani. Patron hakulazimisha, alishikilia tu, akifunga macho. Ukizuiwa na hewa iliyobanwa ndani ya silinda, spana inakusukuma nyuma kama godoro, na ukingoja, hewa inavuja na njia inafunguka. Ukizuiwa na chuma, hakuna godoro, kuna ukuta. Mkono unajua tofauti hiyo. Starter haijui, na ndiyo maana starter ni ya mwisho. Spana ikalegea polepole, akaendelea, akamaliza mzunguko, akafanya wa pili, na vinukta vyote vikarudi nyumbani kwao.

Tuliporudisha injekta na kuwasha, moshi mweupe ulitoka kidogo, ukakoma. Injini ikalia safi.

"Munaona?" Muhindo akasema. "Ile mazout ya mayi imeisha."

Lakini kulia safi gerejini si kupanda. Beni ni tambarare. Hatukuwa na mlima wa kujaribia. Mama Masika alilijua hilo vizuri kuliko kamati. Alitushukuru kwa Kinande, "Wasingya, Patron," kisha akaongeza bila kubadili sauti: "Kesho mutapanda na shiye. Bote babili. Mwenye kufunga courroie anapanda na courroie yake."

Hiyo pia ni desturi yetu, na kati ya desturi zetu zote ni hiyo tu ambayo ningependa irithiwe.

Asubuhi tulipanga mstari. Askari walikuwa mbele na katikati. Nasi tulipewa nafasi karibu na mkia, nyuma ya lori la mbao. Patron alikaa mbele karibu na Muhindo, kiganja chake juu ya dashibodi. Mimi nilibanwa nyuma kati ya furushi na mtoto aliyetaka kujua kama falsafa inaliwa. Nilimwambia ukweli: hapana. Kavira hakutazama nje hata mara moja, mpaka barabara ilipoanza kuinuka.

Kabasha ni kona juu ya kona. Lori la mbao lilipunguza mwendo, Muhindo akashusha gia, na basi likavuta. Halikukohoa. Lilivuta kama ng'ombe anayejua zizi liko wapi. Nilimwona Mama Masika akiachia ukingo wa kiti alioushika tangu tulipotoka.

Ndipo mtoto aliyekuwa dirishani akamwambia bibi yake: "Koko, ile gari inabaki."

Teksi ndogo iliyokuwa nyuma yetu, ya mwisho kabisa katika msafara, ilikuwa inatema moshi mweupe na kupungua mwendo, kona kwa kona. Dereva wake alikuwa ameinamia usukani kana kwamba kifua chake kingeisaidia. Ndani mlikuwa na wanawake wawili na magunia. Mbele yetu lori lilikuwa linajivuta, na mbele ya lori, vumbi la askari halikuwa likimngoja mtu. Kavira aligeuka kwa mara ya kwanza na kuitazama teksi ile, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekumbuka njia ya miguu.

"Muhindo," Mama Masika akasema, "simama. Toa kamba."

"Mama!" Patron akageuka. "Convoi itatuacha! Na muzigo ile ya nyuma..."

"Jana ulizungusha na mukono, ukafunga macho, ukasema iko sawa. Iko sawa ao haiko?"

Patron aliitazama dashibodi. Kisha akafungua mlango, akashuka yeye mwenyewe, mzee yule mwenye jina lake kutoka Beni mpaka Mutwanga, akapiga magoti vumbini kufunga kamba kwenye ndoano ya basi, huku akimtukana dereva wa teksi kwa Kinande na kumwambia aweke gari katika neutre, nje ya gia. Nilimsaidia upande wa pili. Tulipanda tukikimbia. Lori lilikuwa limekwisha kupotea kwenye kona.

Muhindo aliachia klachi polepole. Kamba ikakaza. Kwa kitambo basi lilisimama tu, likitetemeka, na nikamsikia Kavira akiomba kwa kunong'ona. Kisha likasogea, likachukua mlima, na nyuma yetu teksi ikaja.

Muhindo alikuwa anatokwa na jasho. Mguu wake ulikuwa nusu tu juu ya mafuta. Aliogopa kuvunja kitu. Patron aliweka kiganja chake tena juu ya dashibodi, akasikiliza.

"Kanyaga, mwana," akasema. "Ingali na nguvu ingine."